Kwa wanaoingia kazi ya usimbaji fiche na faragha kutoka Kisumu na kandokando

Wengi wanaotoka Maseno, Masinde Muliro au kozi fupi za mjini Kisumu huikimbia kazi hii kwa kuogopa hesabu. Hesabu ya kila siku si nyingi: moduli (hesabu ya masalio ya kugawanya), uwezekano, na kujua kwamba 2^32 ni kama bilioni 4.3. Hutakutana na mtu aliyevunja AES, njia ya kusimba inayotumika sana. Kinachovunjika ni vitu vinavyoizunguka, yaani ufunguo ulioachwa wazi, nambari nasibu zinazotabirika, na data ambayo hakuna aliyehitaji kuikusanya. Hapo ndipo utakapolipwa.

Kosa utakalolikuta mapema ni la nambari za simu. Sacco au kliniki inataka kuzificha, mtu anazipitisha kwenye SHA-256 (hashi, yaani hesabu inayogeuza data kuwa alama isiyorudishwa nyuma), kazi inahesabiwa imeisha. Lakini nambari za simu za mkononi za Kenya huanza na 07 au 01, kisha tarakimu 8. Kwa jumla hazizidi milioni 200. Andika kitanzi cha Python kinachopiga hashi ya kila moja na kuilinganisha na jedwali lililovuja. Laptopu ya kawaida itazimaliza zote kwa dakika chache. Nambari za kitambulisho zina udhaifu uleule. Kuongeza chumvi (data nasibu inayochanganywa kabla ya hashi) hakuokoi kitu ikiwa chumvi yenyewe imekaa kwenye hifadhidata hiyohiyo. Tumia HMAC (hashi inayohitaji ufunguo) yenye ufunguo wa siri wa baiti 32, na ufunguo ukae nje ya hifadhidata. Hata ukifanya hivyo, usimwambie mteja kwamba data yake sasa haimtambulishi mtu yeyote, kwa sababu mwenye ufunguo bado anaweza kumtambua kila mtu.

Nywila ni suala jingine kabisa. Hizo zinataka Argon2id, hashi ya nywila inayofanywa nzito makusudi, na kiwango cha kuanzia ni MiB 19 za kumbukumbu, mizunguko 2 na uzi 1.

Upande wa vifaa una mitego ambayo vitabu vingi haviigusi, maana viliandikwa mahali ambapo stima haipotei. Chukua kihisi cha maji kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero kinachotuma vipimo vilivyosimbwa kwa AES-GCM, namna ya AES inayosimba na kuthibitisha ujumbe kwa pamoja. Kila ujumbe unahitaji nonsi (nambari ya kutumika mara moja tu) ya baiti 12 isiyojirudia chini ya ufunguo uleule. Mwandishi wa programu ameweka kihesabu kwenye RAM: 1, 2, 3 na kuendelea. Stima inapotea, kifaa kinawaka upya, kihesabu kinarudi 1. Sasa kuna jumbe mbili zenye nonsi moja. Anayesikiliza akizifanyia XOR (kulinganisha biti kwa biti), usimbaji unajifuta wenyewe na anabaki na XOR ya vipimo viwili, ambavyo muundo wake anaujua tayari. Kibaya zaidi, anaweza kukokotoa ufunguo wa uthibitisho na kutunga vipimo vya uongo vinavyokubaliwa na seva.

Usikimbilie kuandika kihesabu kwenye flashi (kumbukumbu isiyofutika stima ikipotea) kwa kila ujumbe, utaichosha kabla ya wakati wake. Tenga nambari kwa mafungu: andika 1000 kwenye flashi kabla ya kutumia nambari ya kwanza, na ukizifikisha andika 2000. Kifaa kikizimika kikiwa 437, kinaanza upya 1001. Zilizopotea hazina thamani. Ikiwa kifaa kina chanzo kizuri cha unasibu, XChaCha20-Poly1305, njia nyingine ya kusimba, yenye nonsi nasibu ya baiti 24 inakuondolea hesabu hii yote. Nonsi nasibu za baiti 12 za AES-GCM zina kikomo cha jumbe 2^32 kwa ufunguo mmoja.

Stima hiyohiyo huharibu saa. Kifaa kisicho na betri ya saa huamka kikidhani ni Januari 1, 1970, kinakiona cheti cha TLS (kitambulisho cha seva kwenye muunganisho salama) kuwa bado hakijaanza kutumika, na muunganisho unakataa. Fundi mwenye haraka huzima ukaguzi wa cheti, data inapita, kila mtu anafurahi, na yeyote aliyekaa katikati ya mtandao anaweza kujifanya seva. Tiba ni kuweka tarehe ya kutengenezwa kwa programu kama sakafu: saa isikubali kamwe kuwa chini yake, kisha kifaa kitafute saa sahihi kwa NTP, huduma ya saa ya mtandaoni.

Kuhusu funguo: ukiona ufunguo umesukumwa kwenye Git (mfumo unaotunza historia ya msimbo), badilisha ufunguo kwanza, kusafisha historia baadaye. Kuufuta kwenye komiti (badiliko linalohifadhiwa) inayofuata ni kujidanganya, kwa kuwa historia bado inao. Kwa rekodi za wagonjwa, simba kila rekodi kwa ufunguo wake, kisha usimbe funguo hizo kwa ufunguo mkuu. Ufunguo mkuu ukibadilishwa kwa ratiba, unafungasha upya funguo ndogo tu bila kugusa data, na rekodi ikitakiwa kufutwa unaharibu ufunguo wake pamoja na nakala zake zote, hapo hata bakapu za data za mwaka jana hazisomeki. Lakini jaribu kurejesha bakapu kwenye mashine tupu. Bakapu iliyosimbwa ambayo ufunguo wake ulikuwa kwenye seva iliyoungua ni takataka.

Faragha haiishii kwenye usimbaji. Ripoti ya kaunti inayoficha idadi zilizo chini ya 5 kwa kila wadi inaonekana salama. Ikiwa wadi moja tu imefichwa, jumla imeandikwa 47 na wadi zilizoonyeshwa zina 44, yeyote anayejua kutoa anapata 3, na kwenye wadi ndogo watu 3 wanajulikana kwa majina. Ficha pia idadi ya wadi ya pili, au usiandike jumla.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mdhibiti wa data (anayeamua data itumike kwa nini na vipi) saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ajue kwamba data imevuja. Wewe mwenye kampuni ndogo inayoendesha mfumo wa hospitali ni mchakataji (unashughulikia data kwa niaba ya mdhibiti), na muda wako wa kumwarifu mdhibiti, inapowezekana, ni saa 48. Andaa mapema nani anapigiwa simu Jumapili usiku.

Mazoezi? Fanya yale ya Cryptopals, tovuti ya mazoezi ya kuvunja usimbaji, angalau seti tatu za kwanza. Zoezi la 12 litakuondolea imani yote kwa ECB, namna ya kusimba kila kipande cha data peke yake. La 23 linaonyesha kwamba matokeo 624 ya Mersenne Twister, kizalishi cha nambari nasibu kinachotumiwa na moduli ya random ya Python, yanatosha kutabiri yanayofuata. Ndiyo maana tokeni (misimbo ya siri ya kuingilia mfumo) hutengenezwa kwa secrets, moduli nyingine ya Python. Kisha ingia OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za afya ulioanza 2004 ukiwa na uhusiano wa karibu na AMPATH, mpango wa afya wa Eldoret. Soma jinsi unavyogawa ruhusa za kuona rekodi, tafuta tiketi ndogo (kasoro au kazi iliyoorodheshwa), itatue pamoja na jaribio linaloshindwa kabla ya marekebisho na kupita baada yake. Mwajiri wa mbali ataisoma hiyo kabla ya kufungua cheti chako.