Vitabu vya dini vya marehemu babu: vichomwe, vigawanywe au vitunzwe?

SWALI

Shikamoo, mtaalamu. Babu yetu mzaa baba, aliyekuwa mwinjilisti wa Kilutheri huko Old Moshi kwa zaidi ya miaka 30, alifariki mwezi Februari. Baada ya kuanua matanga tulifungua tranka zake mbili zilizokuwa darini juu ya jiko, tukakuta Biblia nne, vitabu vya nyimbo, vitabu vya Kichaga ambavyo sisi wajukuu hatuwezi kuvisoma, madaftari 17 yaliyoandikwa kwa mkono, pamoja na msahafu na juzuu mbili zilizoachwa na mume wa shangazi, ambaye naye ni marehemu na alikuwa Mwislamu. Watoto wake wanaishi Pasua. Vingi vina ukungu na vingine vimetobolewa na wadudu. Baba mdogo, aliyebaki kwenye kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba), anataka vichomwe ili akarabati nyumba. Shangazi anasema kuchoma neno la Mungu ni kujitafutia laana. Binamu yangu ameanza kuulizia bei. Kikao cha ukoo ni mwisho wa mwezi huu. Tufanye nini?

Mjukuu, Ngaramtoni, Arusha

JIBU

Marahaba, mjukuu, na poleni sana kwa msiba. Nimefanya kazi ya ukutubi na utunzaji wa nyaraka hapa Moshi kwa miaka mingi, na swali lako ni miongoni mwa yale ambayo hunifikia nikiwa nimechelewa, yaani baada ya moto kuwashwa. Nashukuru kwamba safari hii mmeuliza mapema. Ombi langu la kwanza kwa baba mdogo ni kwamba asichome hata karatasi moja kabla kila kitabu hakijafunguliwa ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu katika tranka hizo mbili mna vitu vya aina tatu vilivyochanganyika: vile ambavyo havikuwa mali ya babu, vile vilivyochapwa na vinavyoweza kupatikana kwingine, na vile vilivyoandikwa kwa mkono ambavyo vikipotea vimepotea.

Anzeni na visivyokuwa vyake. Msahafu na juzuu ni vya mume wa shangazi, kwa hiyo kikao cha ukoo wenu hakina mamlaka ya kuvigawa wala kuviteketeza. Wapigieni simu watoto wake wa Pasua waje wavichukue wenyewe. Ni vyema waje wao, maana wanazuoni wa madhehebu manne ya Kisunni wanataka anayeushika msahafu awe na udhu, na kwenu hilo ni jambo la heshima kwa marehemu hata kama ninyi si Waislamu. Wakati mnawasubiri, funikeni msahafu kwa kitambaa safi, uwekeni mahali pa juu pakavu, wala msiuwekee kitabu kingine juu yake. Kama umeharibika kiasi cha kutosomeka, wao wataulizana na imamu wao: njia mbili zinazojulikana ni kuuzika mahali safi pasipokanyagwa, au kuuchoma mpaka herufi zisibaki, na wanaochoma hurejea kwa Khalifa Uthman, aliyeamuru nakala nyingine zichomwe baada ya msahafu kuunganishwa katika maandishi mamoja. Waangalie pia ukurasa wa mwanzo. Kama pameandikwa kuwa kitabu ni wakfu wa msikiti au madrasa fulani, basi hata wao si warithi wake, na inabidi kirudishwe.

Kanuni hiyo hiyo inawahusu ninyi. Mwinjilisti wa zamani mara nyingi alikuwa karani wa mtaa wake, yaani tawi la usharika, akitunza nyumbani daftari la ubatizo, orodha ya watoto wa kipaimara au hesabu ya sadaka, kwa kuwa kanisa lenyewe halikuwa na kabati lenye kufuli. Katika madaftari yale 17, tafuteni lolote lenye muhuri wa usharika au lenye safu za majina, tarehe na namba. Likiwepo, ni mali ya usharika na lirudishwe kwa mchungaji kwa barua, nanyi mbaki na nakala ya barua iliyosainiwa. Msilione kuwa dogo: wapo wazee ambao tarehe yao ya kuzaliwa imeandikwa humo tu, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo ambavyo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, huvipokea pale mtu anapoomba cheti cha kuzaliwa akiwa mtu mzima.

Vilivyobaki ni sehemu ya mirathi. Baba mdogo kurithi nyumba, kama ilivyo desturi ya Wachaga kwa kitinda mimba wa kiume, hakumfanyi mmiliki wa kila kilichokuwa darini, na binamu hana haki ya kuuza. Msimamizi wa mirathi ndiye anayetoa, naye aviingize vitabu katika orodha ya mali hata kama thamani yake kwa fedha ni ndogo.

Sasa Biblia. Tazameni ukurasa wenye jina la mchapaji na mwaka. Nyingi mtakazozikuta katika nyumba za Kilimanjaro ni tafsiri ya Union ya mwaka 1952, ambayo imechapwa mara nyingi mno na bado inauzwa, kwa hiyo nakala isiyo na maandishi ya mkono haina upekee wowote. Mkikuta ya mwaka 1937, hiyo ni tafsiri ya Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyejitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutumia ya Kibantu. Nakala zake hazionekani ovyo, na ningependa isitoke mikononi mwenu kabla ya mkutubi kuiona. Vitabu vya nyimbo kama Mwimbieni Bwana, vikiwa vizima, wapeni vijana wa kwaya au mtaa wenye uhaba, ila ulizeni kwanza kama vinahitajika. Msivipeleke maktaba kwa gunia. Maktaba hupokea Biblia za kawaida nyingi kuliko rafu zake, na mara nyingi kinachoachwa mlangoni bila orodha huishia stoo.

Vitabu vya Kichaga ni habari nyingine kabisa. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Old Moshi ndiko alikofanya kazi Bruno Gutmann hadi alipoondoka mwaka 1938, akihubiri na kuandika kwa Kimochi, lahaja ya Kichaga ya huko. Vitabu vya wakati ule vilichapwa kwa idadi ndogo, kwa lahaja ambazo leo watoto wengi hawazisomi, navyo vikatumika hadi vikachakaa. Andikeni orodha ya kila kimoja: jina, mwaka, mahali kilipochapwa, idadi ya kurasa zilizobaki, pamoja na picha ya jalada. Kisha ipelekeni orodha hiyo, bila vitabu, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Makumira pale Usa River, ambacho wewe wa Ngaramtoni unakifikia kwa daladala, au katika chuo cha Biblia cha Mwika. Wakivitaka, toeni kwa barua inayosema kama ni zawadi ya kudumu au amana, na kwamba ukoo unaruhusiwa kuja kuvisoma.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninalolijali kuliko yote, nalo ni maandishi ya mkono. Fungueni kila Biblia kwenye jalada la ndani, na zaidi kwenye karatasi tupu iliyo kati ya Malaki na Mathayo, kwa maana hapo ndipo wazee waliandika kuzaliwa, ubatizo, ndoa na vifo. Niliwahi kuletewa Biblia isiyo na jalada, ikiwa tayari imepangwa kutupwa, na katika karatasi hiyo palikuwa na majina manane ya watoto. Familia ilijua sita tu. Wawili walikufa wadogo, na hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kusikia majina yao. Angalieni pia pembezoni mwa kurasa, kwa sababu mhubiri huandika tarehe na mahali kando ya aya aliyoihubiri, na ukizikusanya tarehe hizo unapata ramani ya utumishi wake wote. Msitikise kitabu ili karatasi zidondoke. Kila cheti, barua au risiti iliyomo ipigwe picha ikiwa pale pale ilipokuwa, kwa kuwa ukurasa aliouchagua kuihifadhi nao ni habari.

Madaftari ya mahubiri ni maandiko yake mwenyewe, na kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 haki ya kuyachapisha inabaki kwa warithi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kuipa maktaba daftari si kuipa haki hiyo, isipokuwa mmeandika hivyo. Kuna tahadhari nyingine ambayo ni nzito kuliko ya sheria. Mwinjilisti huambiwa siri. Katika madaftari mnaweza kukuta ugomvi wa ndoa, toba ya mtu, au kesi ya kutengwa na ushirika, yenye majina ya watu ambao wajukuu wao mnakutana nao sokoni Mbuyuni. Teueni watu wawili wenye kifua wayasome kwanza, na kurasa za namna hiyo zisipigwe picha wala kurushwa katika kundi la familia. Mchungaji aulizwe zifungwe kwa miaka mingapi.

Kuhusu ukungu, vitoeni vitabu nje kivulini siku yenye upepo, si juani, kwa sababu jua hufifisha wino na kukakamaza karatasi ambayo tayari imedhoofika kwa asidi. Vaeni barakoa, acheni vikauke kabisa, ndipo mfagie ukungu kwa brashi laini ya rangi kuelekea nje ya kitabu. Kitambaa chenye maji huusugulia ndani. Msitumie selotepu popote: gundi yake hugeuka kahawia na kuila karatasi. Kwa wadudu msinyunyizie dawa. Fungeni kitabu kikavu ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, kiwekeni kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiacheni siku nzima ndani ya mfuko huo huo kabla ya kufungua, ili unyevu usigande juu yake. Baadaye visirudi juu ya jiko. Hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 65 huamsha ukungu upya, na masika ya mlimani huufikia kwa urahisi, kwa hiyo vikae katika chumba kinachopitisha hewa, mbali na ukuta wa nje.

Picha pigeni kwa simu kando ya dirisha bila kuwasha taa ya simu, ukurasa mmoja kwa picha moja, mkianza na jalada. Mkirushiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili, kwa sababu picha ya kawaida hupunguzwa ubora hata penseli isisomeke. Watoto wote wa babu wapate nakala hizo. Biblia yenye majina ibaki nzima, bila kuchanwa ili kila mtu apate kipande, na ikae kwa yule mwenye nyumba kavu, hata kama si mkubwa wao.

Vikibaki vilivyooza, visivyo na maandishi wala upekee, hapo shangazi na baba mdogo wanaweza kupatana. Walutheri hawana sheria ya kanisa inayokataza kuchoma Biblia iliyochakaa, kwa kuwa karatasi yenyewe haikuwekwa wakfu. Wakatoliki, kama mnao katika ukoo, hutakiwa kukiheshimu kitu kilichobarikiwa, na desturi yao ni kukichoma au kukizika. Chimbeni shimo ndani ya kihamba, mbali na mfereji, mzike mbele ya shangazi kwa sala fupi. Moto wa takataka pamoja na mabaki ya ukarabati ungemuumiza bure.

Kuhusu kuuza, mwambieni binamu asubiri. Biblia ya 1952 haitampa fedha ya maana, na kitabu cha Kimochi kikiuzwa leo mlimani mjukuu wake hatakiona tena.

Shangazi nimemweka mwisho kwa kuwa ndiye mnayemhitaji kwanza. Kama ndiye aliyebaki anayesoma Kimochi na kuutambua mwandiko wa baba yake, nendeni kwake Jumamosi hii, kabla ya kikao, mkiwa na tranka zote mbili na simu ya kurekodi sauti. Mfungulieni ukurasa mmoja mmoja, akisoma jina mwulizeni huyu alikuwa nani, alizaliwa upande gani wa mto, alizikwa wapi, na mwandike namba ya ukurasa kando ya kila jibu.