Mzee anaenda kupasuliwa: mzoezeni kueleza, asiwe wa kuitikia tu

Mkuu, umeuliza familia ifanye nini kumlinda mzee wenu anayepasuliwa ngiri wiki ijayo hapa Dar, bila kuonekana wakorofi mbele ya manesi. Mimi ni nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, nimefanya kazi hospitali za serikali na za binafsi hapa mjini. Ninalowaomba ni moja kubwa: mzoezeni mzee kueleza mambo yake kwa mdomo wake.

Wazee wetu wamelelewa kwa adabu. Akiulizwa na mtu mwenye koti jeupe, "Wewe ndiye mzee Juma?" atajibu "ndiyo, daktari," hata kama jina hakulisikia sawasawa. Na wodi zetu zimejaa akina Juma na akina Mwajuma. Nimeshaona mama akiletwa thieta na faili la mwenzake wa kitanda cha pili, majina yamefanana, na kila alipoitwa aliitikia. Aliyemwokoa ni nesi mwenzangu aliyemwambia, "Mama, nitajie majina yako matatu, na unieleze umekuja kufanyiwa nini." Mama akasema amekuja kutolewa uvimbe wa titi. Faili lilisema kizazi.

Swali la namna hiyo limo kwenye utaratibu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, vipengele 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusu kaputi au ganzi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ya hapa kwetu Ifakara, bonde la Kilombero. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Inaniuma nikisikia mtumishi anasema hayo ni makaratasi ya Wazungu, wakati wagonjwa wa Kilombero wamo kwenye hesabu ile. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ni watu kuulizana na kujibizana tu.

Kwa hiyo kaeni naye jioni moja nyumbani. Ataje majina matatu, ugonjwa, na upande. Ngiri ina kulia na kushoto! Daktari anatakiwa kuweka alama ya kalamu kwenye ngozi mzee akiwa macho, naye aonyeshe kwa kidole. Akipelekwa thieta bila alama, ulizeni kwa upole: "Sista, alama tayari imewekwa?" Hakuna nesi makini atakayekasirika.

La chakula nalisisitiza kwa sababu huku uswahilini huruma inatuponza. Mgonjwa anaambiwa asile, mkwe anamwonea huruma, alfajiri anampitishia uji. Tulishampokea mzee wa hivyo. Kaulizwa, "Hujala kitu, eti babu?" Kajibu, "Sijala." Mtaalamu wa usingizi akauliza upya: "Babu, kitu cha mwisho kupita mdomoni kilikuwa nini, na saa ngapi?" Akasema uji, saa kumi na moja. Kwake uji si kula. Upasuaji uliahirishwa, na ilikuwa sahihi, kwani mgonjwa akitapika akiwa kwenye nusu kaputi, uchafu ule unaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Kwa mtu mzima, chakula na uji huachwa angalau saa sita kabla, na maji matupu saa mbili. Hospitali ikiwapa muda mrefu zaidi, fuateni wa hospitali.

Umesema anatumia vidonge vya presha. Msitaje kwa kukumbuka, bebeni maboksi yenyewe, pamoja na vile vya kwenye kibahasha cha duka la dawa na dawa za asili, hata kama anaona aibu kuzitaja. Daktari ndiye aamue ipi iendelee asubuhi ya upasuaji na ipi isimame. Aspirini na warfarini, kwa mfano, zinaongeza kutoka damu. Dawa za sukari kwa mtu asiyekula zinaweza kuishusha sukari vibaya. Kama kuna dawa iliyowahi kumtoa vipele au kumvimbisha uso, aitaje kila anapoulizwa, hata mara ya tano.

Akirudi wodini, awepo ndugu mmoja anayesemea familia. Mkija sita na maswali tofauti, nesi mwenye wagonjwa wengi atachanganyikiwa. Zamu inapobadilika muwe macho zaidi, maana taarifa hupotea hapo. Muiteni nesi haraka damu ikilowesha bandeji, akishindwa kukojoa, akipumua kwa shida au akianza kuongea ovyo. Kuhusu mikono, mtu akitaka kugusa kidonda bila kunawa, mwambieni.

Na likitokea kosa, hata lile la kuponea chupuchupu, mwambieni msimamizi wa wodi siku hiyohiyo na muombe liandikwe. Mkinyamaza kwa kuwa mzee amepona, wa kitanda kile kesho atakutana nalo.

Siku ya kuruhusiwa, msiondoke kabla mzee hajawaeleza yeye mwenyewe, mbele ya nesi: dawa ipi saa ngapi, kidonda kinasafishwa lini na wapi, asibebe kitu kizito hadi lini, na dalili gani za kumrudisha hata usiku.