Usilipe hilo gari kabla hujaangalia tarehe ya jibu

Ndugu yangu, usitume hizo pesa za kuagiza gari la 2018 kutoka Japani Ijumaa. Umeandika kwamba ulitafuta "2018 inaingia Kenya", ukakuta watu wamejibu ndiyo, na sasa unataka tu kujua namna bora ya kutafuta majibu mtandaoni na kama uchukue Honda Fit au Mazda Demio. La kutafuta nitalifikia; la aina ya gari lisubiri. Jibu ulilobandika ni la Februari. Leo ni Novemba 2025. Meli ikitia nanga Mombasa baada ya tarehe 31 Desemba, hilo gari la 2018 halina ruhusa tena.

Mimi nilifanya hivi hivi mwaka 2023, mwezi huu huu. Nilikuwa kwenye matatu Thika Road, simu mkononi, nikaandika "gari la 2016 linaruhusiwa". Uzi wa kwanza kabisa, yaani mjadala wa mtandaoni, ulikuwa na jibu refu, safi, lenye hesabu zote. Chini yake mtu alikuwa ameandika siku mbili kabla, "Asante boss, umeniokoa." Nikaona ni uzi wa juzi. Haukuwa wa juzi. Hilo neno la asante ndilo lililoupandisha juu. Jibu lenyewe lilikuwa la Machi, na tarehe yake ilikuwa pale pale chini ya jina la aliyejibu, herufi ndogo za kijivu. Nilizipita kwa kidole.

Na aliyejibu hakukosea. Kanuni ya viwango ya Kenya, KS 1515:2000, inataka gari la kuagizwa lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, mwaka wa usajili wenyewe ukihesabiwa, na kila Januari mosi mwaka mmoja unaanguka. Mwaka 2023 gari kuukuu kabisa lililoruhusiwa lilikuwa la 2016. Mwaka 2024 ukawa 2017. Mwaka huu wa 2025 ni 2018. Januari 2026 ni 2019. Machi jibu lile lilikuwa sawa kwa sababu aliyeuliza alikuwa na miezi tisa mbele yake. Mimi nilikuwa na wiki tano, na meli kutoka Japani huweza kuzimaliza zote baharini.

Broka mmoja wa Ngong Road ndiye aliyenimaliza. Nilimuuliza waziwazi kama kuna shida ya muda. Akanitumia picha ya uzi ule ule, ameikata juu na chini, jina halipo, tarehe haipo, limebaki jibu tu. "Unaona? 2016 inaingia." Mtu anayekata tarehe kwenye picha anajua anachokata. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nakasirika, kwa sababu alikuwa na ratiba ya meli mezani kwake na hakunionyesha.

Nikalipa dola 4,800, dola moja nikiinunua kwa shilingi 152. Nafasi ya meli ya Novemba ikakosekana, iliyofuata ingefika Januari, gari likabaki Japani likarudishwa mnadani. Aprili nikarudishiwa dola 3,900, na wakati huo shilingi ilikuwa imepanda, dola ni kama 130. Piga hesabu: zaidi ya laki mbili zimekwenda na sijagusa hata usukani. Ilikuwa karo ya muhula wa kwanza na pesa za mke wangu za chama, kile kikundi chao cha kuweka akiba.

Kwa hiyo kutafuta ni hivi: tarehe kwanza, jibu baadaye. Usiangalie tarehe ya uzi wala ya maoni ya mwisho, angalia ya jibu lile lile unalotaka kulitegemea. Panga matokeo kwa mapya, maana linalotangulia juu mara nyingi ni lile lililosomwa na wengi. Kwenye Google malizia na after:2025-10-01, ya zamani yatapungua sana. Ukitaka tangazo la wenye kanuni, yaani KEBS, shirika la viwango la Kenya, andika site:kebs.org kisha maneno yako. Weka alama za nukuu kwenye maneno yanayoenda pamoja. Jaribu na Kiingereza, wengi wetu hapa huandika mambo ya magari kwa Kiingereza.

Na usitafute "inaingia". Ukiuliza hivyo utaletewa walioingiza. Tafuta "limekataliwa", "limekwama", "kurudishiwa pesa". Mimi ningetafuta "limekwama Januari" ningekuta watu watatu waliolia kabla yangu. Niliwakuta baadaye, pesa zikiwa zimeshakwenda.

Leo mwandikie muuzaji akupe mambo mawili kwa maandishi: mwezi na mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza, na tarehe ambayo meli inatarajiwa kufika Mombasa. Akijibu, bandika hapa bila kukata kitu. Niko macho mpaka saa sita usiku.