Pombe Kali na Saratani ya Umio
SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, aliyekunywa gongo na kuvuta sigara miaka mingi, amegundulika kuwa na saratani ya umio. Je, chanzo ni pombe?
Msomaji, Manzese, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kwa mgonjwa mmoja ni vigumu kuthibitisha chanzo, lakini pombe huongeza hatari hiyo, kwa kuwa mwili huibadili kuwa asetaldehidi, kemikali inayojeruhi vinasaba vya seli, na moshi wa sigara huongeza jeraha juu ya jeraha. Seli ikishageuka kuwa ya saratani, mara nyingi hubadili hata ulaji wake: huchachusha sukari nyingi hata oksijeni ikiwapo, kama alivyoonyesha mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg miaka ya 1920. Nawe, tonge la ugali likianza kukwama kifuani, usilishushie kwa maji ukanyamaza. Nenda ukapimwe mapema.