Kompyuta ni ya biti 64, mbona hesabu ya kumbukumbu inarudi sifuri?

SWALI: Shikamoo. Naandika draiva ya Linux ya kifaa chetu cha vipimo. Programu ya mtumiaji inaleta idadi ya rekodi inazotaka, nami naizidisha kwa ukubwa wa rekodi, baiti 16, kisha naita kmalloc, kazi ya kuomba kumbukumbu ndani ya kiini (kernel). Idadi na ukubwa ni u32, yaani namba za biti 32 zisizo hasi, jibu naliweka kwenye size_t, aina ya biti 64 kwenye mashine hii, na nimekagua kuwa halizidi megabaiti 4. Rekodi elfu moja hazina shida. Nikipeleka namba kubwa sana, kiini kizima kinaanguka. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Ukaguzi unao, ila unafanyika hesabu ikiwa imeshaharibika. Tuseme programu imeomba rekodi 268,435,457. Mara 16 ni 4,294,967,312, na u32 inaishia 4,294,967,295. Sisi tunasema namba imefurika, lakini kibaba kikifurika utaona mchele chini. Namba huanza tena sifuri kimyakimya. Hapa inabaki 16. Ukaguzi wako unaona baiti 16, unaruhusu, kmalloc inatoa nafasi ya rekodi moja, na kitanzi kinaanza kuandika zote. Rekodi ya pili tu tayari iko kwenye kumbukumbu ya mwenyewe mwingine.

Hiyo size_t haisaidii. C huangalia aina ya namba zinazozidishwa, haijali jibu linakwenda kuwekwa wapi. u32 mara u32 ni u32. Kupanuliwa kuwa biti 64 kunakuja baadaye, biti za juu zikiwa zimeshapotea.

Kwa hiyo usizidishe ndipo ukague. Gawanya: kama idadi inazidi kikomo ukigawa kwa ukubwa, rudisha -EINVAL, msimbo wa kosa la thamani isiyofaa. Baada ya hapo tumia kvmalloc_array, unayoipa namba zote mbili. Inazidisha yenyewe kwa size_t, na jibu likizidi inarudisha NULL, anwani tupu inayoashiria kushindwa. Nimechagua hiyo badala ya kmalloc_array, inayotaka kumbukumbu iliyoungana, kwa sababu megabaiti 4 zilizoungana si rahisi kupatikana mashine ikishafanya kazi siku nyingi. Kumbuka kuachia kwa kvfree. Kama safu yako inatanguliwa na kichwa, kule kujumlisha ukubwa wa kichwa nako kunaweza kufurika, basi piga hesabu ya ukubwa kwa struct_size, iliyoingia Linux 4.18 mwaka 2018.

Jambo moja naomba ulishike sana: nakili idadi kutoka kwa mtumiaji mara moja tu. Ukiikagua kisha ukaisoma upya kwake, uzi mwingine wa programu yake unaweza kuwa umeshaibadilisha, na mwenye nia mbaya atafanya hivyo makusudi ili aiteke mashine.

Jaribu kwenye kiini kilichojengwa na KASAN, kifaa cha kugundua makosa ya kumbukumbu. Rekodi 262,144 zipite ukaguzi, 262,145 zikataliwe. Halafu irudie draiva yako ya zamani kwa 268,435,456: jibu ni sifuri kamili, na kmalloc ikiombwa baiti sifuri hairudishi NULL bali anwani maalumu isiyofaa kuandikwa. Ndiyo maana hata ukikagua NULL hutaonywa.