Kabla hujapanda ubao wa tanga, uliza nani anabaki pwani

Safari yangu ya kwanza ya Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na klabu yetu ya matanga, nilipewa kazi ya kukaa chini ya mvinje na kuhesabu walioko majini. Nilinuna. Mchango nimetoa sawa na wenzangu, alfajiri nimeamka, njia nzima mpaka tunapita Jozani mlingoti wa mtu umeniegemea begani ndani ya gari la shamba, halafu naambiwa nibaki na makapu ya mandazi? Niliwahesabu kwa hasira: saba, saba, sita, saba. Ile sita hata sikuishughulikia.

Imenichukua mwaka mmoja na nusu, na kuvutwa na ngalawa mara moja, kujua kwamba siku ile nilipewa kazi kubwa kuliko zote. Kwa hiyo mtu akinijia, ofisini au harusini, akataka kujua ajiunge vipi na watu wa ubao wa tanga, sianzi na habari za ubao. Namwambia akawaulize: mkitoka, nani anabaki pwani? Wakicheka, achukue mkoba wake aende zake.

Chombo chenyewe kwanza, maana wengi hudhani ndiyo zile kaiti zilizojaa angani kule Paje. Sizo. Kaiti inaruka juu na mtu anavutwa kwa kamba. Letu ni tanga kamili lenye mlingoti, na mlingoti umekaa juu ya ubao kwa kiungo kinacholala kila upande. Wengine huuita windisafu, na mchezo huu umo kwenye Olimpiki tangu Los Angeles 1984, kwa hiyo msiuone wa watalii waliokosa kazi. Usukani hakuna. Ukililaza tanga mbele, kuelekea omo, ubao unaukimbia upepo. Ukilirudisha nyuma, kuelekea tezi, unageuka kuukabili. Aliyekulia kwenye ngalawa atadhani anajua tayari. Mie mtoto wa mjini, wa Kikwajuni, nilifundishwa na kuanguka.

Na nilianguka zaidi kwa sababu ya kamba ya kunyanyulia tanga. Tanga likilala majini linabeba maji juu yake, na maji ni mazito. Mgeni anashika kamba, anainama, anavuta kwa mgongo kama anatoa ndoo kisimani, na usiku wake hageuki kitandani. Fanya hivi: upe upepo mgongo, miguu huku na huku ya mlingoti, kunja magoti, vuta kidogo tu mpaka ukingo wa tanga uachane na maji, kisha ngoja. Utayaona maji yanaporomoka kutoka kwenye kitambaa, mwanzo kwa kishindo, halafu yanapungua mpaka yanakuwa kama uzi, na unasikia mkononi tanga linakuwa jepesi lenyewe. Hapo ndipo unyooshe magoti. Mwalimu wetu alikuwa akisimama kando, maji ya kiuno, anasema "bado… bado…" kama mtu anayetazama wali. Na uanze na ubao mpana, wa lita 180 au zaidi, na tanga dogo la mita za mraba 4 hivi. Vijana watakwambia umepanda meza. Ipande tu.

Kabla ya yote hayo, jua kuogelea. Mama yangu alinipa ruhusa kwa sharti hilo moja, na sikumlaumu. Watu wa visiwa hivi tumezika sana: meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 kule Nungwi, Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe. Mama alikuwa bado hataki hata kupanda boti ya Dar. Nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na nne, kwenye maji ya kifua, nimevaa suruali ya kubana, fulana ya mikono mirefu na kilemba kilichofungwa kwa nyuma. Dada zangu wanaouliza habari ya mavazi: yanawezekana, jaketi la kuelea linakaa juu yake vizuri, na jua halikuunguzi. Tatizo ni kitambaa. Pamba ikilowa inakuwa jiwe. Tafuta kile cha nguo za michezo kinachokauka upesi.

Sasa upepo. Kusi hushika nguvu mwezi wa sita mpaka wa tisa, kaskazi inatawala Desemba mpaka Februari, na katikati kuna kipindi kiitwacho tanga mbili, ambapo upepo unabadilika kama mtu asiyejua anakwenda wapi. Miezi hiyo sisi hushona matanga na kudaiana michango. Anayejifunza anatosheka na upepo wa kilomita 15 mpaka 20 kwa saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 na mawimbi ya mita 2, kaa nyumbani ule mihogo ya nazi.

Lakini nguvu ya upepo si habari kubwa kama unakokupeleka. Paje, Jambiani na Bwejuu zinatazama mashariki. Ukisimama ufukweni, kusi inakuja kutoka mkono wako wa kulia na kaskazi kutoka kushoto, na zote mbili zina tabia ya kukusukuma nchi kavu. Ukishindwa kabisa utarudishwa, ingawa mbali na ulipoacha viatu. Sote tumetembea matembezi hayo ya aibu, tunaburuta ubao ndani ya maji ya magoti huku watoto wanatucheka. Nje kuna mwamba unaovunja mawimbi. Huku Mjini, upande wa magharibi, ni kinyume. Kusi inatoka nchi kavu kwenda baharini. Maji ya ufukweni yamelala kama sinia, yanavutia, na ukiingia unakwenda raha mustarehe. Raha hiyo ni ya kwenda tu.

Mie ilinikuta Mbweni, mwezi wa saba, baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa wanne, si safari rasmi, tumeamua tu kutoka kazini. Wa kubaki pwani alikuwepo. Mwanzo nilikwenda vizuri, najisifu moyoni, kila nikigeuka nyuma naona mivinje imepungua kimo. Nikataka kurudi. Kurudi maana yake ni kupiga bisho, kwenda mshazari huku na huku kuupanda upepo, na mie bisho langu lilikuwa la kwenye maji ya Paje, ukichoka unasimama. Huku nje mchanga hauonekani. Nikaanguka, nikanyanyua tanga, nikaanguka. Mara ya sita mikono ilikataa. Nikakaa juu ya ubao, nikanyoosha mikono pembeni, nikaipandisha na kuishusha polepole kama tulivyofundishwa. Hakuna aliyejibu. Mivinje imekuwa kama miswaki iliyosimamishwa.

Mwenzetu wa pwani alikuwa amekwenda kununua kaukau.

Jambo moja nilifanya sawa: sikuuacha ubao. Ubao hauzami, na mtu juu ya ubao anaonekana mbali kuliko kichwa ndani ya maji. Mzee mmoja wa Chukwani, anarudi na ngalawa yake na kijana mmoja na kapu la changu, akaniona. Akaja joshini kwangu, upande unakotoka upepo, akashusha tanga, akanitupia kamba bila kusema neno. Tulipofika ndipo akauliza, "Mwanangu, wenzako wako wapi?" Wenzangu wawili walikuwa ufukweni wanakunja matanga, kila mmoja akidhani niko na mwengine. Wa tatu alikuwa anakuja na mfuko.

Sikumgombeza. Hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake ni nini, kama vile mie sikuambiwa chini ya ule mvinje. Tangu hapo tuna utaratibu, na mie mwenyewe, kwa kuwa ni mhasibu na watu hunidhania mkali, ndiye msimamizi wake. Anayebaki pwani hapiki, haogelei, hachezi karata. Ana darubini, firimbi, simu iliyojaa chaji, na karatasi yenye majina na rangi ya kila tanga, kwa sababu majini hutambui sura. Anahesabu kila dakika kumi na anaandika. Namba za KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo chenye boti za doria, ziko juu ya karatasi, na chini yake namba ya mwenye boti ya mashine tuliyekubaliana naye kabla hatujaingia, mafuta yamo kwenye tangi, si "nikipigiwa nitatafuta". Idadi ikipungua haandiki sita akasubiri, anapiga firimbi. Anabadilishwa kila saa, na zamu haimkwepi mtu, hata mwalimu.

Siku ya safari tunaipanga kwa mwezi, na hapa kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatufaa kuliko simu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi yamekimbia kabisa, Paje unatembea kwa miguu karibu ufike mwambani. Nimewaona watu wamesafiri kutoka Mjini na mbao tano juu ya gari, wakafika saa nne ya bamvua, wakakaa kutazama mchanga. Wanaojifunza wapeleke tarehe saba, nane, au ishirini na mbili hivi, maji mafu: yanajaa asubuhi, na hata yakipwa hayatoki yote. Unapata mchana mzima.

Maji yakiwa haba kuna mashamba ya mwani, na hapa sitaki mchezo. Kilimo hiki kimeanza pwani ile mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni kina mama. Pezi la ubao wako linakata kamba kama kisu. Mwenzetu mmoja alipita juu ya vigingi, kamba mbili zikaondoka naye. Bibi mwenye shamba hakupiga kelele. Alikuja na kipande cha kamba mkononi akauliza nani mkubwa wetu. Tulimlipa, tukakaa naye siku ya pili kufunga mbegu upya, vidole vikatuuma kuliko mkono wowote ulivyowahi kutuuma kwa tanga. Sasa tukifika huwa tunakwenda kumwamkia kwanza, naye anatuonesha kwa mkono: leo piteni huku.

Habari za fedha nitazipitia haraka kwa sababu zinanichosha. Mchango ulipwe kabla gari halijaondoka. Asiyelipa akiahidi "nitatuma jioni", hatumi. Chakula kila mtu alete kimoja na kitajwe kwenye kundi la WhatsApp mapema, la sivyo mtakula kama tulivyokula Kizimkazi, mikate ya ufuta kumi na minne na hakuna mchuzi.

Pemba tulikwenda mara moja, Februari, Vumawimbi kule kaskazini, na jina la pwani hiyo halikuwekwa kwa utani. Mbao zilivuka na meli mpaka Mkoani, zikapanda lori, zikapita msitu wa Ngezi. Pwani nzuri sijapata kuona, nyeupe, ndefu, na tupu. Hiyo tupu ndiyo iliyotufanya tukae kikao juu ya mchanga. Boti ya kuvuta hatukuipata siku ya kwanza, basi siku ya kwanza hakuna aliyeingia. Kijana mmoja alikasirika, akasema amesafiri siku nzima. Kweli alisafiri. Tulicheza mpira, tukala pweza. Siku ya pili boti ikaja kutoka kijijini na tukaingia watatu watatu.

Yule mzee wa Chukwani nilimfuata wiki moja baadaye na bahasha. Akaikataa, akasema anataka kujaribu hicho kidude. Tulimpeleka Paje maji mafu, akavua kofia, akapanda kwenye ubao mpana na shuka lake limefungwa vizuri. Upepo alikuwa anaujua kabla haujafika. Tanga alilinyanyua mara ya pili tu, bila kuambiwa angoje. Ila kila ubao ukianza kukimbia mkono wake mmoja uliachia tanga ukaenda nyuma kutafuta kitu, na yeye akafuatia majini. Mara ya tano akaibuka, akatema maji, akamtazama mwalimu wetu kwa ghadhabu.

"Nyie," akasema, "usukani mmeuza?"