Mtoto mwenye soriasisi: tuandike ukurutu, mba au mapunye?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, Morogoro. Naandaa kipeperushi cha wazazi kuhusu soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi, na wenzangu wanataka niandike "ukurutu" ili watu waelewe upesi. Ni sahihi? Na sentensi hizi je: "Mtoto anawasha na ana vipele vyekundu. Soriasisi haiambukizwi"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukurutu usiuandike. Huo ni ugonjwa mwingine, ule ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Mba itampeleka mzazi dukani kutafuta shampuu. Mapunye ndiyo mabaya zaidi, maana ni fangasi wa kichwani, ilhali soriasisi hutokana na kinga ya mwili inayoichochea ngozi kujiotesha upya haraka kupita kiasi. Mzazi atapaka dawa ya fangasi mwezi baada ya mwezi na mtoto asipate nafuu. Andika soriasisi, kisha ueleze.

Katika kueleza, "vipele" havitoshi. Kinachoonekana mara nyingi ni baka: ngozi imeinuka, ukingo wake unajitenga wazi, na juu yake kuna magamba meupe. Kwa watoto magamba hayo huwa membamba kuliko ya watu wazima, na mabaka hutokea sana kichwani, usoni, nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya ngozi. Kwa mtoto anayevaa nepi, baka la sehemu hiyo hung'aa na huenda lisiwe na magamba kabisa. Tumia "vidoa" kwa ile aina inayozuka ghafla wiki chache baada ya mtoto kuugua koo. Hivyo ni vidogo kama matone, na hutapakaa kifuani, mgongoni, mikononi na miguuni. Kucha nazo zitaje, kwani huweza kuwa na vishimo vidogo vidogo.

Sasa huo wekundu. Kwenye ngozi nyeusi baka huweza kuwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokolea. Mama wa Morogoro akiambiwa atafute wekundu, asipouona ataamini mwanawe hana kitu. Tafadhali sana, rangi hizo ziandike.

Kinachowasha ni ngozi, mtoto *anawashwa*. Tenganisha pia kubanduka na kuchubuka. Magamba hubanduka, ngozi iliyoumia huchubuka, na palipochubuka panaweza kutokea baka jipya. Mzazi anayeelewa hivyo hatamsugua mtoto kwa dodoki.

Mwisho, anayeambukizwa ni mtu, ugonjwa ndio unaoambukiza. Kwa hiyo andika "Soriasisi haiambukizi", na uiweke juu kabisa, kabla ya habari za dawa. Wapo watoto wanaokatazwa kucheza na wenzao kwa sababu ya mabaka haya.